SOMO LA UVUVI: ZIWA LILILOKWISHA SAMAKI, KISHA WAKARUDI



Jioni moja tulikuwa darasani katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria. Somo la siku ile lilikuwa hesabu za kilo na gramu. Tulitumia mizani ya mwaloni na samaki wa mvuvi mmoja wa darasa letu. Tulipomaliza kupima, mzee yule akawatazama samaki wake wadogo, akaniuliza:

"Mwalimu, wewe umesoma. Ziwa likiisha samaki, samaki hurudi? Au ndiyo basi, maji yakimwagika hayazoleki?"

Darasa zima likanyamaza. Nami sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia, "Mzee, nipe muda nikatafute."

Somo la leo ndilo jibu lake. Tutasafiri kwa kusoma mpaka kaskazini ya mbali, kwenye ziwa moja kubwa ambalo samaki wake mkuu alikuwa karibu kwisha kabisa. Tutaona nani alimmaliza, nani alimwokoa, na leo mvuvi wa ndoana akienda huko anapata nini. Halafu tutarudi nyumbani.

Soma polepole. Ukikuta neno gumu, tazama mwisho wa somo.

1. ZIWA LENYEWE

Ziwa hilo linaitwa Superior. Liko Amerika ya Kaskazini. Upande wa kaskazini wamepakana nalo watu wa Kanada. Upande wa kusini na magharibi ni Marekani, yaani majimbo ya Minnesota, Wisconsin na Michigan. Wenyeji wa asili wa nchi ile, Waojibwe, wanaliita Gichigami, maana yake bahari kubwa.

Pengine umefundishwa kwamba Ziwa Victoria ndilo kubwa kuliko yote ya Afrika. Ni kweli. Na kwa upana wa eneo, katika maziwa ya maji yasiyo na chumvi, Victoria ni la pili duniani. La kwanza ni lipi? Ni hilo Superior. Basi tuseme ni kaka yake Victoria.

Hebu tuwalinganishe hawa ndugu wawili:

Eneo: Victoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi. Superior lina 82,100 hivi.

Kina: Victoria, mahali penye kina kirefu kabisa, ni mita 80 na kidogo. Superior ni mita 406. Ukishusha kamba ya mita 400 yenye jiwe, mahali pale haitafika chini.

Urefu: Superior lina kilomita 563 kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Ni karibu sawa na safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Moshi.

Kwa Kiswahili ziwa lisilo na chumvi tunasema lina maji baridi. Sasa, maji ya Superior ni baridi kwa maana zote mbili! Hayana chumvi, na pia yanauma mkono. Kwa wastani wa mwaka, joto lake ni kama nyuzi 4 tu. Wakati wa baridi sehemu za ziwa huganda zikawa barafu. Mwaka 2014 barafu ilifunika karibu ziwa zima. Katika ghuba zake, barafu ikiwa nene, watu hutembea juu ya ziwa kwa miguu.

Kwa nini tunasema habari ya baridi? Kwa sababu baridi ndiyo inayotawala maisha ya samaki wa huko. Kwetu sato hukua upesi, kwa kuwa maji yana joto na chakula ni kingi. Kule maji ni ya baridi, chakula ni kidogo, na samaki hukua polepole sana. Shika jambo hili. Litatusaidia mbele.

2. SAMAKI WA ASILI

Mkubwa wa ziwa lile anaitwa trauti wa ziwa. Ana rangi ya kijivujivu yenye madoa meupe. Yeye ni mla nyama, anakula samaki wenzake, kama sangara anavyofanya kwetu. Mwaka 1997, upande wa Michigan, mtu mmoja alivua kwa ndoana trauti wa karibu kilo 28. Lakini wengi wanaovuliwa ni wa kilo chache tu.

Trauti huyu hana haraka. Anafikisha miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Akiachwa salama anaweza kuishi miaka 25, na wengine hupita hapo. Wakati wa kuzaa, majira ya vuli kabla ya barafu, huenda kwenye miamba na kumwaga mayai katikati ya mawe. Mayai hukaa pale majira yote ya baridi mpaka yaanguliwe.

Trauti hawa wako wa namna mbalimbali. Wako wembamba, wanaokaa karibu na pwani. Wako wanene wenye mafuta mengi, wanaoitwa siskoweti, ambao hukaa chini kabisa kwenye giza. Ni samaki wa jamii moja, ila kila mmoja amezoea mtaa wake.

Wengine wa asili ni sisko na samaki mweupe. Sisko anafanya kazi kama ya dagaa wetu, yaani ndiye chakula cha samaki wakubwa. Samaki mweupe anatafuta chakula chini, na nyama yake inapendwa sana sokoni.

Kwa karne nyingi Waojibwe walivua samaki hawa kwa nyavu na kwa mikuki. Walikula, wakakausha, wakaweka akiba ya majira ya baridi. Baadaye walikuja wafanyabiashara wenye maboti na nyavu nyingi, na samaki wakasafirishwa kwenda mijini. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 trauti walivuliwa kwa wingi mwaka hata mwaka. Watu wakaona ziwa halina mwisho.

3. MGENI ALIYEPITA MFEREJINI

Superior ni moja kati ya maziwa makubwa matano yaliyoungana, na maji yao huteremka mpaka bahari ya Atlantiki. Njiani yako maporomoko makubwa ya Niagara. Maporomoko hayo yalikuwa kama mlango wenye kufuli. Samaki wa baharini hakuweza kuyapanda.

Mwaka 1829 watu walifungua mfereji unaoitwa Welland, ili meli ziyazunguke maporomoko. Baadaye mfereji huo ulipanuliwa. Biashara ilifaidika. Lakini mlango ukifunguliwa, hapiti yule tu uliyemfungulia.

Alipita kiumbe mmoja anayeitwa lamprei wa baharini. Ni mrefu, mwembamba, laini. Kwa mbali utasema ni kamongo mchanga. Lakini hana taya. Kinywa chake ni duara, kimejaa meno pande zote, na ulimi wake unakwaruza kama msasa. Lamprei humgandamia samaki ubavuni, humtoboa ngozi, humnyonya damu na maji ya mwili. Mate yake huzuia damu isigande. Samaki wengi hufa. Wanaopona hubaki na kovu la duara.

Lamprei mmoja, katika maisha yake ya kunyonya ambayo ni mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, anaweza kuua samaki wa kilo 18. Na jike mmoja anaweza kutaga mayai yanayofika 100,000.

Safari ya mgeni huyu ilikuwa hivi. Mwaka 1921 alionekana Ziwa Erie, juu ya Niagara. Mwaka 1936 alionekana Ziwa Michigan. Mwaka 1937, Ziwa Huron. Mwaka 1938 amefika Superior.

Trauti wa maziwa yale hakuwa amewahi kukutana na adui wa namna hii. Kabla ya lamprei kuenea, katika maziwa matatu ya juu, yaani Huron, Michigan na Superior, wavuvi wa Marekani na Kanada walikuwa wakipata kama kilo 6,800,000 za trauti kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipata kama kilo 136,000 tu. Piga hesabu mwenyewe: mahali palipotoka samaki 50, sasa anatoka mmoja.

4. HESABU YA ZIWA

Je, lamprei peke yake ndiye mwenye kosa? Hapana. Tufanye hesabu ndogo, kama ile ya darasani. Hii ni hesabu ya mfano, si ya ziwa lenyewe.

Tuseme bwawa lina trauti wakubwa 1,000. Kila mwaka vijana 200 wanakua na kuingia katika kundi la wakubwa. Wanaokufa kwa uzee na maradhi ni 100. Wavuvi wanachukua 100.

1,000 + 200 - 100 - 100 = 1,000.

Mwaka unaofuata bado ni 1,000. Mvuvi anakula na bwawa limejaa. Hii ni sawa na mtu anayekula mavuno lakini anaacha mbegu.

Sasa lamprei ameingia, naye anachukua 100. Wavuvi hawakupunguza.

1,000 + 200 - 100 - 100 - 100 = 900.

Mwaka wa pili watakuwa 800. Wa tatu 700. Na ukweli ni mbaya kuliko hapo, maana wazazi wakipungua, watoto nao wanapungua. Hawatazaliwa tena wale 200.

Na mvuvi anafanya nini anapoona samaki wamepungua? Mara nyingi anaongeza nyavu! Anataka apate kama alivyopata jana, kwa sababu watoto wake wanakula leo kama walivyokula jana. Tusimlaumu. Ndivyo shida inavyomsukuma mtu. Lakini ziwa halijui shida zetu. Linajua kutoa na kujumlisha.

Basi ndivyo ilivyokuwa kule. Lamprei alinyonya, na nyavu ziliendelea kuvuta. Katika Ziwa Michigan trauti wa asili walikwisha kabisa katika miaka ya 1950. Hakubaki hata wa mbegu. Superior, lililokuwa la mwisho kuvamiwa, bado lilikuwa na mabaki. Sasa ikawa ni mbio. Watawahi?

5. WALIVYOSHIKANA MIKONO

Lamprei hajui mpaka. Akizaliwa katika mto wa Marekani atanyonya samaki wa Kanada. Nchi moja ikifanya kazi na nyingine ikilala, ni bure. Kwa hiyo mwaka 1954 nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba, na mwaka 1955 ikaanza tume ya pamoja ya uvuvi wa maziwa yale. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupambana na lamprei.

Wataalamu waliyachunguza maisha ya adui. Waligundua kwamba lamprei hupanda mitoni kuzaa, halafu hufa. Watoto wake hawana meno bado. Hujifukia katika matope ya mto kama minyoo, wakakaa humo miaka mitatu, minne, hata zaidi. Ndipo hugeuka, huota meno, hushuka ziwani kunyonya.

Kumbe pale matopeni ndipo pa kumkamata! Ziwani amesambaa, huwezi. Lakini mtoni amejikusanya, na hana nguvu.

Wakaanza kutafuta dawa itakayomuua mtoto wa lamprei bila kuua samaki wengine. Katika kituo kimoja huko Michigan walijaribu dawa karibu 6,000, moja baada ya nyingine. Fikiri uvumilivu huo! Mwaka 1957 wakapata iliyofaa, wakaiita TFM. Ikitiwa kwa kipimo sahihi, huua watoto wa lamprei, na samaki wengi wengine husalimika. Mwaka 1958 wakaanza kuitia katika mito ya Superior. Walianza na Superior kwa sababu huko ndiko trauti walikuwa bado hawajaisha.

Pamoja na dawa waliweka vizuizi mitoni ili lamprei asipande, na mitego. Lamprei wakapungua kwa kiasi cha tisa katika kila kumi.

6. ZIWA LIKAPUMZISHWA

Kumpunguza adui hakukutosha. Mwaka 1962 uvuvi wa biashara wa trauti ulifungwa Superior. Fikiri ilivyokuwa kwa wavuvi wa vijiji vile. Mtu ana boti, ana nyavu, ana deni, anaambiwa usimguse samaki unayemjua tangu utoto. Wako walioacha kazi hiyo wasirudi tena. Tusijidanganye kwamba kuponya ziwa hakuna gharama. Iko, na wa kwanza kuilipa ni mvuvi.

Wakati huohuo vifaranga vya trauti viliangulishwa katika vituo na kumwagwa ziwani, mamilioni kwa miaka mingi. Kila kifaranga kilikatwa kipande cha pezi kabla ya kuachiwa. Kwa nini? Ili mvuvi akimkamata baadaye ajue: huyu ni wa kufugwa, na yule mwenye mapezi yote amezaliwa humu ziwani. Ni alama, kama tunavyotia alama ng'ombe.

Miaka ya mwanzo karibu wote walikuwa wa alama. Kidogo kidogo wenye mapezi kamili wakaongezeka. Katika miaka ya 1990 wa asili walikuwa ndio wengi, na mahali pengi wakaacha kumwaga vifaranga. Ziwa lilikuwa linajizalia lenyewe.

Mwezi wa Novemba 2024 tume ilitangaza kwamba trauti wa Superior wamerudi kikamilifu katika sehemu kubwa ya ziwa.

Hesabu tena: kutoka 1962 mpaka 2024 ni miaka 62. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule uvuvi ulipofungwa, leo ni babu. Samaki anayezaa akiwa na miaka saba hawezi kuharakishwa.

Na haki ya wenyeji je? Katika mikataba ya mwaka 1842 na 1854 Waojibwe walitoa ardhi. Lakini walishikilia kwamba haki yao ya kuvua haikutolewa. Kwa miaka mingi walikamatwa na kushitakiwa. Mwaka 1972 mahakama kuu ya jimbo la Wisconsin iliamua kwamba Waojibwe wa Red Cliff na Bad River wanayo haki ya kuvua Superior. Tangu hapo wamekaa meza moja na serikali kugawana kiasi cha kuvua, na wanao wataalamu wao wenyewe wa samaki. Ziwa halilindwi kwa kumfukuza mwenyeji wake.

7. MVUVI WA NDOANA LEO ANAPATA NINI?

Kule watu wengi huvua kwa ndoana siku za mapumziko. Sio kazi yao, ni furaha yao, na mboga juu yake. Wako pia wenye maboti wanaolipwa kuwapeleka wageni kuvua. Kwa hiyo ndoana nayo inalisha nyumba za watu.

Habari njema ni kwamba trauti wako wengi kuliko walivyokuwa miaka ya 1960. Anayejua majira hakosi:

Majira ya kuchipua, barafu ikiyeyuka, trauti wako karibu na pwani, penye maji machache. Hata mtu asiye na boti kubwa anaweza kubahatika.

Majira ya joto wanashuka chini kufuata baridi. Mvuvi huburuta mshipi mrefu nyuma ya boti, na chambo cha bati linalometameta kama sisko.

Majira ya vuli samoni huingia mitoni kuzaa. Samoni sio wa asili ya ziwa lile. Waliletwa na watu tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya wavuvi wa ndoana.

Majira ya baridi watu hutoboa shimo katika barafu, wakakaa juu ya kigoda, wakashusha mshipi shimoni. Ghuba ya Chequamegon, upande wa Wisconsin, inajulikana kwa uvuvi huo.

Lakini usidhani ni holela. Kila mvuvi anakata leseni. Imewekwa idadi ya samaki kwa mtu kwa siku, na ukifikisha, unakunja mshipi. Majira na ukubwa wa samaki navyo vina sheria. Sheria hizo hubadilika kadiri hesabu ya samaki inavyobadilika.

Na hesabu hiyo wanaipataje, na samaki wako majini? Kila mwaka hutega nyavu za kupimia mahali palepale, kwa namna ileile, wakalinganisha na mwaka uliopita. Huwauliza wavuvi wanaporudi: umevua saa ngapi, umepata wangapi? Tena huchukua kijiwe kidogo kilicho ndani ya kichwa cha samaki. Kijiwe hicho kina pete, kama gogo la mti lililokatwa. Ukihesabu pete, unajua umri. Trauti wa sentimita 60 anaweza kuwa na miaka minane au zaidi. Ukimla kwa siku moja, umekula kazi ya miaka minane.

8. HATARI BADO ZIPO

Lamprei hawakwisha. Wamebanwa tu. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, kazi ya kutia dawa mitoni ilipungua sana. Miaka iliyofuata lamprei wakaongezeka tena katika maziwa yale. Ndipo watu wakakumbuka kwamba kazi hii ni kama palizi. Ukiacha msimu mmoja, magugu yanarudi.

Hatari ya pili ni joto. Maji ya juu ya Superior wakati wa kiangazi yamekuwa na joto zaidi kuliko zamani, na miaka mingi barafu ni kidogo. Samaki aliyezoea baridi anabanwa.

Hatari ya tatu ni sumu. Zebaki na dawa za viwandani zilifika ziwani, nyingine kwa kubebwa na upepo. Sumu hizo hujikusanya katika samaki wakubwa, wazee, wenye mafuta. Kwa hiyo watu wanashauriwa kutokula samaki wa namna hiyo kila siku, hasa akina mama wajawazito na watoto.

9. TURUDI KWETU

Sasa namjibu mzee wa darasani.

Mzee wangu, jibu ni mawili. Ziwa likiwahiwa wakati mbegu bado ipo, samaki hurudi. Superior limeonyesha. Lakini mbegu ikiisha, anayekwisha hurudishwa kwa taabu, au harudi kabisa. Katika Ziwa Michigan trauti wa asili waliisha, na mpaka leo watu bado wanamwaga vifaranga.

Nasi tunayo historia yetu. Sangara aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miaka ya 1980 akaongezeka sana. Alileta fedha, viwanda vya minofu na kazi. Hilo hatulikatai. Lakini furu wetu, waliokuwa wa mamia ya aina, walipungua mno, na aina nyingi hazionekani tena. Wale, mzee wangu, ni maji yaliyomwagika. Furu wengine walibaki, na mahali pengine wameanza kuonekana tena.

Lamprei alijiingiza mwenyewe mferejini. Sangara tulimkaribisha. Lakini kila mmoja alilibadili ziwa kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuirudisha nyuma upesi. Kwa hiyo kabla ya kumwaga samaki mgeni katika ziwa au bwawa, ulizeni kwanza.

Ziwa letu nalo lina nchi zaidi ya moja: Tanzania, Uganda na Kenya. Mwaka 1994 nchi hizo tatu zilianzisha shirika la pamoja la uvuvi wa Ziwa Victoria. Lakini shirika haliwezi kulala katika kila mwalo. Anayejua nani anavuta kokoro usiku kwenye mazalia ni mwanakijiji mwenyewe. Anayejua sangara wa chini ya sentimita 50, ambaye sheria imekataza kumvua, anauzwa nyumba gani, ni jirani yake. Ndiyo maana kuna vikundi vya ulinzi wa rasilimali katika mialo. Vikundi hivyo ni vyetu. Vikilala, tumelala sisi.

Najua utaniambia: "Mwalimu, nikimwacha sangara mdogo, mwenzangu atamchukua." Ni neno la kweli, wala sio la mtu mjinga. Hata kule Marekani na Kanada walikuwa na hofu hiyo hiyo. Ndiyo sababu hawakuanza kwa kuaminiana tu. Walianza kwa kuandikiana, kwa kuhesabu pamoja, na kwa sheria inayowabana wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Superior ulijengwa miaka 62.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mazalia: mahali samaki wanapotagia mayai na kulelea watoto.
Kifaranga cha samaki: mtoto wa samaki aliyeanguliwa karibuni.
Pezi: kiungo ambacho samaki huogelea nacho.
Kokoro: wavu mrefu wa kuvuta mpaka pwani, unaokusanya wakubwa na wadogo.
Leseni: ruhusa ya maandishi ya kufanya kazi fulani.
Vuli (katika nchi za baridi): majira yanayotangulia baridi kali.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Lamprei alipitia wapi hata akafika Ziwa Superior?
2. Kwa nini wataalamu walimfuata lamprei mtoni, wasimfuate ziwani?
3. Trauti anaanza kuzaa akiwa na miaka sita, saba au zaidi. Jambo hili lina maana gani kwa mvuvi?
4. Rudia hesabu ya bwawa. Kama lamprei anachukua 100, wavuvi wafanye nini ili samaki wabaki 1,000? Je, wavuvi wataishije miaka hiyo? Jadilini kwa haki, msimsahau mwenye watoto.
5. Waulizeni wazee: zamani walivua samaki gani hapa ambao sasa hawaonekani? Andikeni majina yao.

KAZI YA MWEZI HUU

Chukueni rula au kamba yenye alama za sentimita. Kila siku ya darasa, pimeni samaki kumi wa kwanza wanaofika mwaloni, bila kuchagua. Andikeni katika daftari tarehe, aina na urefu. Mwisho wa mwezi tafuteni wastani. Fanyeni hivyo tena mwakani, mwezi uleule. Mkilinganisha daftari mbili hizo, mtajua kama samaki wenu wanakua au wanapungua, bila kusubiri mgeni aje kuwaambia.

Mzee wa darasani ameshaanza. Daftari lake lina kurasa nne sasa, na mwandiko wake unasomeka vizuri.